Kuku Saba wa Buhongwa

Niliwachukua saba, kwa bei ya sabuni mbili.
Sospeter Maduhu alikuwa akiwafunga miguu
watatu watatu, kama mafungu ya mchicha,
lori la bucha linangoja, injini haijazimwa.
"Hawa wameshamaliza mayai," akasema. "Wamebaki supu."
Nikamwambia, nipe hao wa mwisho.
Akautazama mkoba wangu, akanitazama usoni,
akahesabu hela mara mbili.

Walifika Nyegezi hawaijui ardhi.
Nilipowafungua nyuma ya jiko, penye jiwe kubwa,
walisimama palepale nilipowaweka,
migongo uchi, myekundu kama goti la mtoto aliyeanguka,
midomo imekatwa ncha,
kila mmoja ndani ya kizimba kisichoonekana,
upana wake karatasi moja ya kuandikia.
Usiku hawakulala. Walikuwa wakingoja taa.
Siku ya tatu mmoja akainua mguu,
akakwaruza vumbi, mara moja tu,
akarudi nyuma kutazama alichofanya.

Ni Septemba. Kiangazi kimekula hadi mizizi.
Bomba linakohoa, halitemi kitu.
Mimi nimerudi kwenye gunia:
michembe niliyoikata Juni nikaianika mwambani
(hatuna uwanja huku, tuna mawe,
na jiwe likishashika jua halidai kuni),
na nsansa, majani ya kunde yaliyosinyaa kama tumbaku,
nayarudishia uhai kwa maji moto na karanga za kusaga.
Nikitafuna michembe nasikia Juni,
nasikia udongo ulivyokuwa bado na unyevu,
na kisu cha mama, ambacho sasa ni changu,
kimeliwa katikati kama mwezi.

Mbuke, jirani, huchungulia juu ya ukuta.
"Wewe na kuku wako mnakula kama wakimbizi.
Chinja mmoja basi, upate mboga."
Sijaapa kutokula kuku. Nimekula, nitakula.
Lakini hawa, kila mmoja, trei kumi kwa mwaka,
na hawakuwahi kuona hata jani.
Nikamjibu tu kwamba wamekonda.

Pumba walizikataa. Vumbi la dagaa walilizunguka
kama wageni wanaozunguka kiti cha marehemu.
Mmoja alikufa bila kelele, Jumanne.
Nilimfukia chini ya mpapai, wakabaki sita.

Kisha mwezi ukaandama, na ziwa likatoa moshi.
Nguzo za wadudu zilisimama juu ya maji,
zikainama na upepo, zikaja.
Tukafunga madirisha. Mbuke akazima taa za kibanda chake cha chipsi,
mafuta yake yote yamekwisha kuwa meusi.
Asubuhi ukuta wangu wa nyuma ulikuwa na manyoya,
kahawia, unapumua.
Na wale sita, wasiojua kengele ya chakula isipokuwa ya Sospeter,
waliutazama. Wakautazama.
Halafu yule asiye na mkia akaruka.
Sijui nani alimfundisha. Aliruka, akadonoa, akaanguka,
akaruka tena, na wenzake wakamfuata,
wakaufagia ukuta kwa midomo yao mibutu
hadi chokaa ikaonekana.
Nilicheka peke yangu, mkono mdomoni.

Mvua ya kwanza ilishuka Oktoba, mchana, bila hodi.
Watano walikimbilia chini ya jiwe.
Asiye na mkia alibaki katikati ya uwanja,
amesimama kama siku ile ya kwanza, wima, haendi,
maji yakimtiririka juu ya manyoya machanga
yaliyoanza kuchomoza kama kalamu.
Safari hii macho hakufumba.

Nikaingia ndani, nikakung'uta gunia.
Michembe imebaki ya siku nne.
Kunde, nikipanda leo jioni, zitataka wiki tatu.